Kujuana kwa Walimu Wakuu

Kila mwaka walimu wakuu wa shule za sekondari hutoka pembe zote za Kenya wakaja Mombasa kwa mkutano wa chama chao, KESSHA. Wengi huku kwetu huona ni matembezi ya pwani kwa karo za watoto. Nimekaa kwenye bodi ya shule moja ya kutwa huko Likoni kwa miaka sita, na siafiki.

Wiki moja kabla ya mtihani wa vitendo wa kemia, tulikuwa na bureti, ile mirija ya kioo ya kupimia kemikali, nne tu kwa watahiniwa karibu arobaini. Barua yetu ya kuomba vifaa ilikuwa imelala tangu muhula wa kwanza. Mwalimu mkuu, mama mpole asiyepaza sauti, akatoka akasimama chini ya mwembe na simu yake. "Mwalimu wangu, nimekwama." Simu tatu tu. Jioni nikamkuta kwenye feri amepakata kasha lililofungwa kwa kamba, akilikinga na mikokoteni. Bureti kumi na sita, za kuazima kutoka shule kubwa ya kisiwani.

Hawakumpa kwa sababu ya cheo. Yeye ndiye huandika kumbukumbu za vikao vya wenzake, kazi ambayo hakuna anayeitaka, na mwenzake akifiwa yeye hufika wa kwanza. Neno kujuana limechafuka kwetu, lakini hiki nacho ni kujuana, na kina nguvu kuliko mhuri.

Angalia mgao wa serikali, Sh22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Ukichelewa, mwalimu mkuu mmoja akilalamika ataambiwa avute subira. Chama kikisema mbele ya waziri, vyombo vya habari vikisikiliza, hapo ni lazima jibu litafutwe.

Kinachoniuma ni wale wanaopanda ngazi za chama ili wapate uhamisho wa kwenda shule yenye jina, basi. Na sauti za shule kubwa hufunika zetu. Ningetaka kila kamati ya chama hapa Mombasa, iwe Kisauni, Jomvu au Changamwe, itenge viti vya shule ndogo za kutwa, kwa maana sisi ndio mgao ukikawia tunafunga jiko la chakula cha mchana.

Bureti moja ilivunjika siku ya mtihani. Mwalimu mkuu alinunua nyingine kabla ya kulirudisha kasha, akavuka nalo feri mwenyewe.