Rikazheni ilivyotoka nje ya geti

Najua mmeshaona status ya mwenzangu, eti "ticha wa kodi kaanzisha sensa Mwenge". Kodi hapa ni maandishi ya programu za kompyuta, si ya serikali. Haya chekeni. Ila kaiacha chapati, na bila chapati hamwezi kuelewa kilichonipata.

Fanksheni, vile vipande vya programu, zilikuwa zimekaa vizuri vichwani. Unaipa namba, inapiga kazi, inakurudishia jibu. Kazi ikawa rikazheni, yaani fanksheni kujiita yenyewe. Nikaandika faktoria ya 5 ubaoni, nikaishusha taratibu, 5 mara 4 mara 3 hadi 1, ikatoka 120. Darasa likanitazama kama nauza dawa ya meno kwenye daladala. Kijana mmoja akanyoosha mkono: "Ticha, sasa kwa nini ijiite yenyewe? Haina wenzake?"

Hapo ubunifu ukanipanda. Nikawapanga wote 14 mstari mmoja, kutoka ubaoni hadi mlangoni. Ukiulizwa "nyuma yako kuna watu wangapi?", muulize wa nyuma yako swali hilohilo, subiri jibu, ongeza moja, mrudishie aliyekuuliza. Ukisubiri, husogei.

Nyie mnaoandika kodi mmeshaona linakokwenda. Nyamazeni, wenzenu bado.

Nikamuuliza wa kwanza. Swali likateleza nyuma, tamu kabisa, mimi mkono juu nawika: "Mnaona? Hakuna aliyemaliza! Kila mmoja anamsubiri mwenzake! Ndivyo miito ya fanksheni inavyorundikana!" Likamfikia binti wa mwisho. Akageuka. Mlango. Sasa huyu ndiye mwanafunzi mtiifu kuliko wote, na hakuna mahali niliposema asiye na mtu nyuma yake ajibu sifuri. Akafungua mlango, akatoka.

Tukasikia ndala zikishuka ngazi. Kisha, kwa mbali, sauti ya adabu:

"Shikamoo mzee. Eti nyuma yako kuna watu wangapi?"

"Marahaba. Kwani kuna nini?"

"Ticha kasema umuulize wa nyuma yako, usubiri jibu, uongeze moja, uniambie."

Mlinzi wetu alipitia mgambo. Kwake amri ni amri. "Mama Chapatiii! Nyuma yako wangapi? Uliza, usubiri!"

Kwenye Python, lugha ya kuandikia programu, ukiacha fanksheni ijiite ovyo, kwa kawaida ikifika kina cha miito 1000 hivi inagoma na kukutupia kosa. Sisi hatuna kikomo hicho. Kwa barabara hii ya Mwenge, tungefika Bagamoyo.

Kimya. Mkono wangu bado uko hewani. Waliobaki kwenye mstari hawapepesi. Dirishani ikaanza kuingia harufu ya kitu kinachoungua, maana mama kaambiwa asubiri, na kumbe akisubiri hageuzi. Ningeweza kupiga kelele "basi, acheni!" Sikupiga. Jamani, nilitaka kujua litarudi ngapi.

Ndala zikapanda mbio. "Nane!" Tisa. Kumi. Kumi na moja. Jibu likaja likipanda bega kwa bega, hadi wa kwanza akanigeukia meno yote nje: "Ishirini na moja, ticha!" Nikaongeza moja, yeye mwenyewe. 22. Darasa la watu 14.

Mlango ukafunguka. Bosi. Nyuma yake wageni, wale wa suti, wale tuliowapigia deki tangu juzi. Mama kamdaka getini na swali, naye akajua ni utaratibu mpya wa mlinzi, akajibu "watano" bila wasiwasi. Sasa pigeni: 14, mlinzi, mama, bosi, wageni 5. Haijakosea hata kichwa kimoja! Nikamweleza bosi hivyo hivyo, mkono bado juu. Msijaribu.

Mengine ya haraka: mgeni mmoja alicheka hadi akatafuta kiti, chapati nimelipia zote, Jumatatu narudi kwenye kompyuta kwa amri ya ofisi. Yule wa "haina wenzake" ndiye pekee aliyeelewa, na sasa anawafundisha wengine kwa kutumia chapati zangu. Na wewe uliyenipiga picha mkono juu kama trafiki wa Ubungo, nakujua, ifute.