Sola kwa vijana: ianze tabianchi au ianze multimeta?

Programu za kuwafundisha vijana tabianchi na umeme wa jua zina mvutano wa ndani. Kuna wanaotaka kijana aelewe kwanza kwa nini dunia inazidi kupata joto, na kuna wanaotaka ashike waya na multimeta (kifaa cha kupima volti na mkondo) siku ya kwanza.

Wanaotanguliza tabianchi wana hoja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1992 kuhusu mabadiliko ya tabianchi, Ibara ya 6, unazitaka nchi kuelimisha umma, na Mkataba wa Paris wa 2015 ukarudia wajibu huo katika Ibara ya 12. Somo lenyewe ni rahisi kuendesha, maana ubao mmoja unatosha watu 60. Tena si kila kijana atakuwa fundi. Tatizo ni kwamba wengi hutoka wamekariri kuwa kaboni dioksaidi ilikuwa sehemu 280 kwa milioni kabla ya enzi ya viwanda na sasa imepita 420, lakini ukiwauliza paneli ya wati 100 itaendesha nini, kimya.

Wa vitendo huanzia hapo, kwenye hesabu ya mzigo. Taa 4 za wati 5 zikiwaka kwa saa 5, redio ya wati 10 kwa saa 4, na simu 3 zinazokula wati-saa 15 (wati mara saa) kila moja, jumla ni wati-saa 185 kwa siku. Ukikadiria upotevu wa asilimia 30, gawanya kwa 0.7 upate 264. Penye jua kamili la saa 5 kwa siku, hiyo ni paneli ya wati 53, basi chukua ya 60. Betri ya maji (ya risasi na asidi) isishushwe chini ya nusu ya chaji yake, kwa hiyo akiba ya siku 2 inadai wati-saa 740, kama ampea-saa 62 kwa volti 12.

Makosa nayo hufundisha. Waya wa milimita za mraba 2.5 wenye urefu wa mita 10, ukipitisha ampea 10, hupoteza karibu volti 1.4 kwa kwenda na kurudi. Taa hufifia na lawama huangukia betri isiyo na kosa. Paneli ikiunganishwa kabla ya betri kwenye kidhibiti chaji (kifaa kinachosimamia umeme unaoingia kwenye betri), kidhibiti kinaweza kukosea kutambua kama mfumo ni wa volti 12 au 24, au kuungua kabisa.

Ila upande huu pia una shimo. Seti moja ya vifaa kwa vijana 30 maana yake watatu wanafunga na 27 wanatazama migongo yao. Mafunzo ya siku tano hutoa watu wenye cheti na ujasiri, wasiojua kwamba fyuzi hukaa karibu na betri kwa sababu betri ikipigwa shoti hutema mkondo wa kuyeyusha waya. Bora asiyejua kabisa kuliko huyu.

Kwa maoni yetu, vitendo vitangulie, kisha tabianchi ipitie kwenye paneli yenyewe. Wapime volti asubuhi, wapime tena mchana paneli ikiwa na nyuzi joto 65 za Selsiasi. Watashangaa volti imeshuka: nguvu ya paneli hupimwa kiwandani kwa nyuzi 25, na kila nyuzi inayozidi hupunguza takriban asilimia 0.3 hadi 0.4. Hapo wanatenganisha mwanga na joto, na hilo ndilo linalowakwamisha wengi katika somo la tabianchi: mwanga wa jua hupenya angahewa kirahisi, ilhali joto linalorudi kutoka ardhini hunaswa na kaboni dioksaidi. Baada ya kipimo kile, maelezo hayo huchukua dakika kumi.

Vikundi visizidi watu watano kwa seti. Mtihani wa mwisho uwe mfumo ulioharibiwa makusudi: fyuzi imekatika, kona ya paneli imefunikwa kwa jani, nati ya betri imelegea. Mtahiniwa apewe multimeta na dakika 20.