Nimempiga Amin Nikiwa Darasa la Sita

Jamani, mtu mzima nimepunguzwa miaka tisa na hakuna aliyeniomba ruhusa.

Nilikwenda kwenye uhakiki wa wastaafu. Mnaujua uhakiki: unaamka saa kumi alfajiri ukapange foleni, ili watu wakuangalie usoni waridhike kwamba hujafa. Hilo silikasirikii, maana ilipofika saa saba mchana hata mimi nilishaanza kuwa na shaka. Zamu yangu ikafika. Mezani kakaa binti, mjukuu kabisa. "Shikamoo babu." "Marahaba mwanangu." Akafungua faili limefungwa kwa uzi, karatasi zimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Akasoma, akaniangalia. Akasoma tena, akamwita mwenzake waje waniangalie wote.

"Babu, uliingia jeshini lini?"

"Novemba 1978."

"Na umezaliwa 1965?"

Nimezaliwa 1956! Lakini faili limeshasema, na faili halina masikio. Kwa hesabu yake, Amin alipovamia Kagera mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Daraja la Kyaka limevunjwa, Mwalimu katangaza vita redioni, nami nikamwacha mwalimu wa hesabu ubaoni nikaenda zangu mstari wa mbele. Nimebeba mabomu ya mota kinamasini Lukaya, Walibya wa Gaddafi wako ng'ambo, na sauti haijavunjika! Tumeingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, zaidi ya kilomita 200 kutoka Mutukula mpakani, wengi wetu kwa miguu, na hakuna afande hata mmoja aliyeuliza huyu mtoto wa nani.

Nyumbani ndiko balaa. Mke wangu wa 1959, kwa hiyo sasa kanizidi miaka sita. Tangu nimwambie, ananituma dukani. Binti yetu wa kwanza alizaliwa 1977, faili linasema nilimpata nikiwa na miaka kumi na miwili. Juzi kanipigia simu kuuliza aendelee kuniita baba au aanze kuniita kaka.

Basi nikaandika barua ya kuomba masahihisho. Nikaambiwa nilete barua ya mtendaji, picha mbili, kiapo cha mahakamani, na mashahidi wawili walioingia jeshini siku moja na mimi. Mwalimu alisema uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin tunavyo. Mimi sababu ninayo, nia ninayo, uwezo ndiyo nauli, na hiyo inatoka kwenye pensheni ileile wanayoishikilia.

Mashahidi wenyewe sasa. Mmoja amelala Kaboya tangu 1979, pale walipozikwa wenzetu, na kila nikimkumbuka maneno yananiishia. Wa pili ni swahiba wangu wa kijiweni. Huyu yupo, ila masikio hayapo. Miaka yote anatusimulia kwamba mizinga ndiyo iliyoyachukua, jinsi alivyokuwa akifyatua usiku kucha peke yake, wenzake wote wamelala. Sisi tunakunywa kahawa, tunatikisa vichwa.

Nikampeleka kwa wakili wa viapo. Wakili akauliza, "Unamfahamu huyu?"

"Ndiyo, afande!"

"Alizaliwa 1956?"

"Ndiyo, afande!"

Wakili naye mjanja. "Au 1965?"

"Ndiyo, afande!"

Nikamkanyaga mguu. Wakili akavua miwani, akampa fomu na kalamu, akamwandikia kwenye kipande cha karatasi kwa herufi kubwa: ANDIKA MWENYEWE MWAKA ALIOZALIWA MWENZAKO. Hapo nikapumua. Mzee akainama, ulimi nje, mkono unatetemeka, akaandika taratibu kama anayechora ramani. Moja. Tisa, yenye mkia mrefu umejikunja kama wa kinyonga. Sita. Tano.

Nikaichungulia ile tisa. Nikatoa mfukoni nakala ya ukurasa wa kwanza wa faili langu, nikaikunjua. Mkia uleule. Kinyonga yuleyule.

Nikamsogelea sikioni nikapaza sauti mpaka wateja wa nje wakageuka: "Siku tuliyoandikishwa, wewe ulikuwa wapi?"

Akatabasamu, meno matatu yote nje. "Si waliuliza nani ana mwandiko mzuri? Nikanyoosha mkono. Wakanipa meza na chemli. Kikosi kizima nimekiandika mimi, na vita vyote nimekaa stoo na madaftari!"

"Na mizinga?"

Hilo hakulisikia.

Wiki ijayo narudi kwenye uhakiki. Ile foleni nitaikagua vizuri mtu mmoja mmoja, maana nina hakika humo ndani wako wazee wengine walioacha shule ya msingi kwenda kumng'oa Amin.