Kubangua korosho ni badiliko gani?

Mpwa wangu anasoma darasa la sita hapa Mtwara. Juzi alirudi na daftari la sayansi, uso umemkunjamana. Swali lilitaka mifano mitatu ya mabadiliko ya kiumbo. Aliandika barafu kuyeyuka, chumvi kuyeyuka kwenye maji, na kubangua korosho. Mbili za kwanza alipata. Ya tatu alipigwa kosa, na pembeni mwalimu akaandika kwa wino mwekundu neno moja: "Hairudi."

Kwetu Wamakonde mjomba ndiye anayeulizwa, basi daftari likaletwa kwangu.

Kanuni hiyo hata mimi niliikariri. Kinachoweza kurudi kama kilivyokuwa kimebadilika kiumbo, kisichorudi kimebadilika kikemikali. Ni fupi, inakaa kichwani, na mwalimu mwenye watoto wengi darasani inamrahisishia kusahihisha. Lakini inapotosha, na hapa kwetu ndipo ingepaswa kugundulika mapema kuliko kwingine.

Tuanze na korosho yenyewe. Mbanguaji anaiweka juu ya jiwe, anaigonga, ganda linapasuka, karanga, yaani kiini chake, inatoka. Mikono kaipaka majivu kwa sababu mafuta ya ganda yanababua ngozi. Baada ya kugonga una nini? Ganda lilelile, vipande viwili. Karanga ileile. Mafuta yaleyale yanayobabua. Hakuna dutu mpya iliyozaliwa pale, kama isivyozaliwa unapopasua kuni. Hairudi, kweli, wala gogo halirudi. Ukitaka kemia, rudi nyuma kidogo, pale korosho ghafi zinapokaangwa kwenye bati juu ya moto na mafuta ya ganda yanalipuka miali. Ule moshi unaokutoa machozi umetokana na kuungua, na hapo kweli kitu kimegeuka kuwa kitu kingine. Kwa hiyo ndani ya korosho moja yamo mabadiliko yote mawili, na mtoto alichagua lile sahihi.

Sasa geuza upande wa pili. Je, la kikemikali halirudi kamwe? Nenda Kilwa Kisiwani ukaguse kuta za Msikiti Mkuu. Mawe yale ya matumbawe yameshikwa na chokaa, na chokaa ilichomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Wachomaji walipanga magogo, wakarundika matumbawe juu, wakawasha. Jiwe likishika joto la kama nyuzi 900 linatoa gesi ya kaboni dayoksaidi, linabaki jeupe, jepesi. Ukilimwagia maji linachemka lenyewe bila moto na kumeguka kuwa unga. Unga huo, ukichanganywa na mchanga na kupakwa ukutani, unaanza polepole kuvuta kutoka hewani gesi ya aina ileile iliyotoka tanuruni. Mwisho wake ni kalsiamu kaboneti, ileile iliyokuwa kwenye tumbawe. Imeondoka jiwe, imerudi jiwe, na kila hatua ni kemia tupu. Hata betri ya simu unayoichaji kila usiku inafanya safari ya kwenda na kurudi ya namna hiyo.

Swali la kuuliza ni je, kimepatikana kitu kipya, chenye tabia ambazo cha mwanzo hakikuwa nazo? Maji ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, yakilala ndani ya ndoo asubuhi yana povu na yanaitwa uraka, maana hamira imekula sukari ikatoa alkoholi na gesi. Kemikali. Uraka ukichemshwa, mvuke ukapozwa kwenye bomba, inatoka nipa, pombe kali ya jamii ya gongo. Hapo alkoholi imetenganishwa tu, haikuzaliwa upya. Kiumbo. (Nipa yenyewe tuiache, isije ikaniletea wageni.)

Nilimweleza yote hayo akanitazama tu. Nikaona nimwonyeshe kwa macho. Tukateka maji ya bahari pale Shangani. Nikajaza sahani, nikaiweka juani uani. Nikajaza kikombe, nikakiweka barazani kivulini. Nikamwambia kwa kujiamini kabisa, tutaona jua linavyokausha maji na kuacha chumvi ileile, bila dutu mpya, kama kwenye mashamba ya chumvi.

Akasema, "Mjomba, lakini sahani ni pana."

Nilinyamaza. Sahani ikikauka kwanza, nitajuaje kama ni jua au ni upana? Na sikupima hata maji, nilimimina kwa kukisia. Tukaanza upya: sahani mbili zinazofanana, kikombe kimoja cha maji kila moja, moja juani, nyingine kivulini. Baadaye nikafunua daftari lake na kukuta ukurasa mzima wa vigeu, yaani mambo yanayoweza kubadilika katika jaribio: kigeu huru, kigeu tegemezi, vigeu visivyobadilishwa, vyote kwa maneno ya ubaoni, nukta kwa nukta. Chini yake hakuna jaribio hata moja. Maana ya vigeu alikuwa nayo tayari. Majina ndiyo yaliyokuwa yanamsumbua.

Kosa langu lile la sahani na kikombe ninaliona pia kwenye mabishano yetu ya mikorosho. Mtu anapuliza salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, mwaka huohuo anapogolea matawi na kupalilia, kisha anaapa kwamba salfa aliyonunua duka fulani ndiyo iliyomletea mavuno. Huenda. Lakini amebadilisha mambo matatu kwa mpigo.

Mwalimu simlaumu sana, naye alifundishwa hivyo. Nilimwambia mpwa wangu akiulizwa tena aandike kiumbo na aongeze sababu: hakuna dutu mpya.

Akacheka. "Mtihani ni wa kuchagua, Mjomba. Hauna mahali pa kuandika sababu."