Moshi Usioonekana Ndo Unanitesa

Jamani hivi aliyegundua kipimo cha moshi alikuwa na ugomvi gani na sisi wenye magari tuliyoyaongezea nguvu? Gari langu limefungwa tabo kubwa (ile feni ya kusukuma hewa kwenye injini), kamshafti kali (ule mhimili unaofungua valvu), ekzosti pana, fundi kaingiza na remapu, yaani programu mpya ya kupanga mafuta, kwenye kontrolboksi, ile kompyuta ya injini, yaani gari lina afya kuliko mwenye gari. Sasa unataka kulisajili unaambiwa kwanza likapimwe moshi. Nikasema sawa, tena kwa dharau, maana langu halitoi moshi hata wa kufukuza mbu. Kumbe hawatafuti ule mweusi wa malori! Wanachomeka kifimbo kwenye bomba la nyuma wanatafuta kaboni monoksaidi, haidrokaboni, oksaidi za nitrojeni, vitu ambavyo mimi na wewe hatujawahi kuviona kwa macho, halafu mashine inaandika namba na hiyo namba haina haya, inakuumbua mbele za watu.

Na kabla ya kifimbo kuna macho ya mkaguzi. Huyu baba kafungua boneti, kaangalia, kanyamaza. Akainama uvunguni, akanyamaza tena. Mtu akinyamaza mara mbili kwenye gari lako ujue huna chako.

"Kijana, sega liko wapi?"
"Sega gani mzee?"
"La kusafishia moshi."
"Mzee lile lilikuwa linaziba pumzi ya injini."

Hapo ndo akanipa somo, kwamba lile sega ndani lina platinamu, paladiamu na rodiamu, na ndo maana wezi wanalikata usiku kwenye magari ya watu. We! Yaani nilikuwa natembea na duka la sonara uvunguni, na siku fundi analitoa aliniambia kwa upole kabisa, "bosi hili taka hili, usihangaike, ntakusaidia kulitupa." Nikamshukuru. Nikampa na hela ya soda.

Basi nikanunua sega lingine, na bei yake sitaki kuiongelea. Narudi kupima, bado. Kumbe sega lenyewe likiwa la baridi halifanyi kazi, linataka joto la kama nyuzi 300 hivi ndo lianze kusafisha, na mimi nimezima gari kwenye foleni muda mrefu kwa ustaarabu nisichafue hewa ya watu. Aliyekaa kwenye foleni anavurumisha injini, moshi unaingia puani kwa kila mtu, yeye kapita kwa sababu la kwake lilikuwa la moto. Hiyo hesabu mimi imenishinda, unachafua hewa kwanza ili uthibitishe huchafui hewa.

Halafu ile kamshafti. Kamshafti ya mashindano inaacha valvu za kuingiza na za kutoa ziwe wazi pamoja kwa muda kidogo, kwenye resi kubwa raha tupu, ila gari likitulia petroli mbichi inapenya mpaka kwenye ekzosti bila kuungua, na gari lenyewe linatetemeka kama mkopaji aliyekutana na mdai wake sokoni. Sasa na wao wanapima likiwa limetulia! Mbona hawapimi tukiwa tunakimbia? Ongeza na remapu, maana injini ya petroli inataka hewa kilo 14.7 kwa kila kilo moja ya mafuta ndo sega lifanye kazi yake vizuri, fundi wangu kamwaga mafuta kama ana kisima, ukimuuliza anakwambia "ndo usalama wa tabo huo bosi". Usalama wa tabo, mimi nani ananilinda?

Tuje kwenye taa ya injini, ile ya njano kwenye dashibodi. Fundi wa kwanza akashauri tutoe balbu. Mkaguzi sio mtoto, ukifungua swichi ile taa inatakiwa iwake kwanza kisha izime, isipowaka kabisa umefeli vilevile. Fundi wa pili akachomeka kidude chake, akafuta makosa yote, taa kimya, nikaenda nikipiga mluzi. Mashine inasema kompyuta ya gari haiko tayari. Kumbe ukifuta, hata ukichomoa tu betri, gari linasahau na majaribio yake yote ya ndani, mpaka uliendeshe upya kwa utaratibu wake, uliwashe likiwa la baridi, mwendo mmoja bila kubadilisha, uachie mafuta lijiendee lenyewe, tangi lisijae wala lisikauke. Sa hebu fikiria unamweleza mama watoto hayo saa tano usiku.

"Unaenda wapi?"
"Kulizungusha gari ili kompyuta yake iwe tayari."
"Tayari kwa nini, na huyo Kompyuta anakaa wapi?"

Fundi wa tatu ndo alinichosha. Anataka kuweka spesa, yaani ile sensa ya nyuma ya sega isogezwe mbali kidogo na moshi, ati kompyuta haitajua. Kaka, mwaka 2015 Volkswagen walibambwa na programu iliyokuwa inajua kabisa kwamba gari liko kwenye kipimo, linajifanya takatifu, likirudi barabarani linatema oksaidi za nitrojeni linavyotaka, magari kama milioni 11 dunia nzima. Wale wana maabara na wahandisi waliosoma mpaka wakapata upara, wamebambwa, wewe na hako kachuma utaponea wapi?

Kinachoniuma zaidi ni lile kweche la mbele yangu. Mlango umefungwa kwa waya, taa moja inaangalia juu, mwenyewe anasukuma kuliwasha. Limepita! Kisa kila kitu ni cha kiwandani, na viwango vinafuata mwaka wa gari, kwa hiyo kikongwe kinaachiwa uzee wake.

Mwishowe remapu ikarudi ya kiwandani, kamshafti ikarudi ya zamani, gari likawa lile lile nililolinunua mwanzo kasoro hela zangu, tukapita. Sijafika hata kwenye geti la kutokea simu inaita, fundi.

"Hongera bosi! Sasa lete tulitoe hilo sega lisikuzibie pumzi. Usihangaike na kulibeba, ntakusaidia kulitupa."