Bolti ya fremu ikikatika, mtambo usimame

Nina msimamo mmoja juu ya matrekta ya zamani yenye kijiko cha mbele, haya yanayopakia kokoto Kunduchi, Dar es Salaam, na mchanga kwenye yadi za matofali kuanzia Bunju hadi Chanika. Bolti ya fremu ikilegea au ikikatika, mtambo usimame. Usichomelewe, usipachikwe bolti yoyote iliyookotwa stoo, usimalizie kwanza tripu za jioni.

Najua presha iliyopo. Tipa zimepanga foleni, mwenye mtambo analipwa kwa tripu, na mchomeleaji yuko ng'ambo ya barabara. Nusu saa tu kazi imerudi, kila mtu anamsifu fundi. Kwangu mimi hiyo ni funika kombe mwanaharamu apite, na anayekaa juu ya hilo kombe ni dereva.

Tuanze na trekta lenyewe. Matrekta mengi ya shamba ya zamani, mfano Massey Ferguson 135 iliyoanza kutengenezwa 1964, hayana chasisi ndefu kama lori. Injini, giaboksi na ekseli ya nyuma vimefungana kwa bolti, na huo ndio uti wa mgongo wa trekta. Mbele ya injini kuna kipande kizito cha chuma cha kasti kinachoshika ekseli ya mbele, nacho kimefungwa kwa bolti vilevile. Mwili huo uliounganishwa ndio ninaouita fremu hapa. Trekta la aina hiyo liliundwa hasa kuvuta jembe. Ukilifunga kijiko, kila baketi linapojaa na kila linapogonga lundo, mzigo unatua kwenye viungo vya mbele ambavyo havikutarajiwa kubeba kiasi hicho.

Wengi wanadhani bolti inazuia vyuma viwili visiteleze kwa mwili wake, basi wanaona bolti nene inatosha. Sivyo. Bolti iliyokazwa sawasawa imevutika kidogo sana, kama mpira wa manati, na mvuto huo ndio unaobana vyuma viwili hadi visisogee. Ikilegea, vyuma vinaanza kutembea, tundu linakuwa yai, na bolti inapigwa kwa ubavu kila gurudumu linapoingia kwenye shimo. Kwa hiyo bolti iliyokatika leo imelegea siku nyingi, na jirani zake zimekuwa zikibeba mzigo wake. Ndiyo maana nasisitiza kubadilisha seti nzima ya kiungo hicho, hata zile zinazoonekana nzima.

Dalili haijifichi. Futa grisi na vumbi, angalia chini ya kichwa cha bolti na kwenye mstari ambapo vyuma viwili vinakutana. Ukiona unga mwekundu wa kutu unatoka pale, na pembeni yake rangi imechubuka chuma kinang'aa, vyuma hivyo vinasuguana. Huku pwani kutu ipo kila mahali, lakini kutu ya hewa ya chumvi hukaa imegandamana na chuma. Hii ya msuguano ni unga mlaini, na ukiufuta leo, kesho baada ya kazi umerudi.

Kwenye ununuzi ndipo tunapoharibu zaidi. Bolti ya milimita 16 yenye alama ya nguvu ya 8.8 kichwani hukatika ikivutwa kwa nguvu ya karibu tani 12 na nusu. Ya 4.6, inayotosha kwenye geti na banda, inafika kama nusu ya hapo. Kwa macho zinafanana kabisa, kwa hiyo soma kichwa. Bolti za inchi zina mistari badala ya namba: mitatu ni ya daraja la 5, sita ni ya daraja la 8. Kichwa kisicho na alama yoyote kiache dukani.

Halafu kuna suala la inchi na milimita. Trekta la Kiingereza la miaka ile lina bolti za inchi. Ya inchi 5/8 ina unene wa milimita 15.9, na spana namba 24 inaishika vizuri tu, basi mtu anaenda kwenye maduka ya Gerezani kununua ya milimita 16. Inaingia mizunguko michache, inakwama. Hapo bomba linachomekwa kwenye spana ili "ilazimike", na meno yanayokatika ni ya ndani ya injini. Beba bolti ya zamani mkononi, na gauji ya kupimia meno ukiwa nayo.

Kabla ya kugusa chochote, shusha baketi hadi chini, weka magogo chini ya injini, na piga kabari za mbao kati ya ekseli ya mbele na fremu ili trekta lisilale upande. Kipande kilichobaki ndani ya tundu kipigie panchi katikati, mwagia mafuta ya kulegeza kutu, kiache kikae. Kikigoma, hapo nakubali mchomeleaji aitwe: achomelee nati juu ya kipande, joto lenyewe litasaidia kukilegeza. Lakini asiunganishe kasti na kasti. Kasti ikichomelewa bila kupashwa moto vizuri na kupozwa polepole hupasuka pembeni ya mshono, na bolti ngumu ikipata moto hupoteza ugumu wake.

Nyuso zinazokutana zisafishwe hadi chuma kitupu, maana rangi iliyobanwa katikati husinyaa na bolti ikalegea tena. Kaza kwa spana yenye kipimo cha nguvu ya kukazia, kwa kufuata kitabu cha trekta. Ukikosa kitabu, bolti ya milimita 16 ya 8.8 inataka karibu nyutoni mita 200, sawa na kilo 20 zikining'inia kwenye mwisho wa mpini wa mita moja. Piga mstari wa rangi toka kichwani mwa bolti hadi kwenye fremu, dereva auone kila asubuhi. Baada ya zamu ya kwanza, kaza tena zote.

Na kama trekta lilikuwa linapakia bila uzito wowote nyuma, funga uzito huo kabla halijarudi lundoni ili upunguzie viungo vya mbele mzigo, la sivyo hizo bolti mpya nazo zitalegea.