Michael Bay Hanikoshi, Lakini Lawama Nyingine Tunambebesha Bure

Ukienda kwa muuza muvi pale Sabasaba ukamwomba muvi ya Michael Bay, dairekta wa Hollywood, huenda akakutazama tu. Mwambie "ile ya magari yanayogeuka maroboti" na flashi yako itakuwa imeshachomekwa. Hapa Dodoma, kama kwingine nchini, mtazamaji hamfuati dairekta. Anamfuata steringi, na siku hizi anamfuata pia DJ aliyeitafsiri. Kwa hiyo kumponda Bay ni starehe ya watu wachache: baadhi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), watu wa maofisini wenye Netflix, na sisi tunaopenda kuandika. Mimi nimo. Muvi zake hazinikoshi. Ila nikisikiliza hoja za wenzangu naona tunachanganya mambo: kwamba anapenda hela, kwamba ana majivuno, na kwamba kazi yake ni mbovu. Haya si kosa moja.

Hoja ya hela ndiyo dhaifu kuliko zote. Ni kweli jamaa anauza. Katika zile muvi zake za magari-maroboti, Transformers, ya tatu (2011) na ya nne (2014) kila moja ilivuka dola bilioni 1 kwenye kumbi za sinema duniani. Lakini mwenye kibanda umiza, ukumbi wa video wa mtaani, pale Chang'ombe naye anauza, na DJ anayepachika sauti yake juu ya muvi naye anauza, na hatuwatukani. Sinema ni ghali, lazima hela irudi.

Isitoshe, Bay alianzia hukohuko kwenye matangazo na video za muziki, na alikuwa hodari. Mwaka 1993 aliongoza tangazo la maziwa ambalo Wamarekani hawajalisahau. Jamaa mpenda historia kajaza mdomo mkate wa siagi ya karanga, simu inalia, redio inamuuliza swali la zawadi: nani alimpiga risasi Alexander Hamilton? Jibu analijua kuliko jina lake. Maziwa ya kuteremshia mkate yameisha. Anabaki kumung'unya "Aaron Burr" bila kueleweka mpaka muda unakwisha. Chumba kimoja, mtu mmoja, kisa kizima ndani ya dakika moja hivi. Anayesema Bay hajui kusimulia hajaliona tangazo lile.

Sasa ruka mpaka 2014, Transformers ya nne. Tuko Hong Kong, vita inapamba moto, na mwigizaji Stanley Tucci yuko juu ya ghorofa anakunywa maziwa ya pakiti ya kampuni ya Kichina. Yale ya 1993 yalikuwa ndiyo kisa chenyewe. Haya yamebandikwa tu. Filamu hiyohiyo ina mtu yuko Texas anatoa hela kwa kadi ya benki ya China! Hapo ndipo ninapogombana naye. Kuuza muvi ni haki yake. Kunilipisha kiingilio halafu anionyeshe matangazo katikati ya hadithi ni jambo lingine.

Halafu kuna mkasi wake. Picha nyingi kwenye mapigano hazikai hata sekunde tatu kabla hajakata kwenda nyingine. Kasoro hii inaonekana vizuri zaidi kibandani kuliko kwenye ukumbi wa maana, kwa sababu pale kuna DJ anayejaribu kusimulia. Kwenye muvi ya kung fu ya zamani DJ anatamba: anamwita kila mtu kwa jina alilompa mwenyewe, anaweka utani wa mtaani, anajua ngumi inatoka kwa nani. Maroboti ya Bay yakianza kukunjana, chuma kwa chuma, kijivu kwa kijivu, DJ anabaki na "oyaa, yule mwenye bluu na nyekundu ndo wetu" na sabufa inamaliza yaliyobaki. Benchi la nyuma wanaulizana nani kampiga nani. Watetezi watasema huo ndio uhondo wenyewe, kelele na moto, na watoto wanatoka wakiruka kwa furaha. Siwapingi kuhusu watoto. Ila The Rock (1996), aliyoitengeneza kabla hajapewa mabilioni, ina milipuko ya kutosha na bado unajua muda wote nani yuko wapi ndani ya gereza la Alcatraz.

Na wanawake. Kwenye Transformers ya kwanza (2007), mwigizaji Megan Fox anafungua boneti ya gari lililozima na kugundua kwamba kifuniko cha distributa kimelegea. Mwandishi kampa msichana ujuzi wa gereji ambao mvulana aliye naye hana. Ni wazo zuri. Kamera lakini haimsikilizi. Inazunguka kiuno na tumbo lake kama inayokagua bodi ya gari la kuuzwa. Nimeiona muvi hiyo kwenye basi la kwenda Dar, mama kakaa na watoto wake kiti cha mbele yangu, na ilibidi awageuzie dirishani kuangalia mikonge. Kwa hili simpi Bay utetezi wowote.

Kwenye sifa yake binafsi ndipo ninapoona tunamwonea kidogo. Kwamba ni mkali kazini, hilo limesemwa sana. Mwaka 2009 Fox mwenyewe alimfananisha na Hitler kwenye mahojiano ya jarida, na Transformers ya tatu ikatoka bila yeye. Mwaka huohuo alisimulia kwenye runinga jinsi alivyochezeshwa kwa bikini akiwa na miaka 15 kwenye muvi nyingine ya Bay, Bad Boys II (2003), na hilo halichekeshi hata kidogo. Lakini 2014 alirudi kuigiza kwenye muvi ambayo Bay alikuwa mmoja wa watayarishaji wake, na 2020 akaeleza hadharani kwamba Bay hakuwahi kumshambulia kingono. Maneno yake yote mawili ni yake. Huwezi kuchukua la kwanza tu kwa sababu linakufaa.

Kuna na kile kituko cha Januari 2014, Las Vegas. Bay alipanda jukwaani kuinadi runinga ya Samsung, maandishi ya kusoma yakagoma, akababaika, akaomba radhi, akaondoka. Dunia ilicheka siku kadhaa. Mimi nilimwonea huruma, tena ndiyo mara pekee nilipomwona Bay bila mbwembwe.

Mtu akinitaka nimtetee kwa kazi, sitakwenda kwenye maroboti. Pearl Harbor (2001) ina mapenzi ya kuchosha, lakini shambulio lenyewe lilipigwa kwa kulipua meli za kweli zilizokwisha staafishwa, na uzito wake unauona. Na kuna Ambulance ya 2022: bajeti ya dola milioni 40 hivi, ndogo kabisa kwa viwango vyake, majambazi wawili ndani ya gari la wagonjwa, droni zinashuka kutoka juu ya maghorofa ya Los Angeles kama mwewe. Mhudumu wa gari hilo ni mwanamke mwenye akili na kamera inamwacha afanye kazi. Ni muvi yake bora kwa miaka mingi, na haikuuza. Mashabiki wake hawakwenda, na sisi tunaomponda tulikuwa tumeshajiapiza kutotazama. Nusu saa ya mwisho angeipunguza, hata hivyo.